Malalamiko Kuhusu Uzi wa Akriliki Uliouzwa kwa Lebo ya Sufu Halisi

Tabata,
Dar es Salaam.
9 Juni 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Nyuzi za Kufumia,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: UZI WA AKRILIKI NILIOUZIWA KAMA SUFU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 Mei 2025 nilinunua dukani kwenu madonge 30 ya uzi wa kijivu, gramu 100 kila moja, kwa jumla ya shilingi 270,000, na risiti ya mashine ya kodi (EFD) ninayo. Lebo inasema ni sufu ya kondoo kwa asilimia 100, kumbe ni akriliki, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani. Nilimweleza muuzaji wenu kwamba nina oda ya pea 12 za viatu vya ndani kwa nyumba ya wageni ya Lushoto, na kwamba kazi hiyo haikubali uzi mwingine, naye akanihakikishia.

Viatu hivyo hufumwa vikubwa kupita mguu, kisha hufuliwa kwa maji ya moto na sabuni huku vikisuguliwa, ili magamba madogo yaliyo juu ya kila unywele wa sufu yashikane, na kiatu kisinyae na kuwa kizito kama blanketi. Nilikuwa nimekwisha kufuma pea sita nilipofua ya kwanza. Nilisugua kwa dakika 40, vidole vikachubuka, na kiatu kikatoka na urefu ule ule wa sentimita 34, vitanzi vikiwa wazi kiasi cha kupitisha penseli.

Nilipopiga simu nilijibiwa kwamba ipo sufu inayotiwa dawa kiwandani ili isisinyae. Ni kweli ipo, na kwa sababu hiyo sikuandika barua hii siku ile, bali nilikata kipande cha uzi nikakichoma. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kwa vidole. Uzi wenu uliyeyuka, ukanuka plastiki na kuacha kijidonge cheusi kigumu, ambacho nimekigundisha chini ya barua hii mkione. Nilirudia kwa madonge matano. Yote yalikuwa hivyo hivyo.

Sina ugomvi na akriliki, kwani sweta nyingi za watoto wachanga naifumia hiyo. Lakini wageni wa Lushoto hunyoosha miguu mbele ya moto wa kuni, na akriliki ikipata cheche huyeyuka na kugandia ngozini. Ningewapelekea viatu hivyo bila kujua. Kondoo wetu wengi wa hapa nchini ni wa nywele fupi zisizosokotwa uzi, hivyo sisi wafumaji hununua sufu ya nje na hatuna cha kutegemea isipokuwa lebo.

Naomba nirejeshewe shilingi 270,000 zote, nami nitaleta madonge 18 yaliyobaki pamoja na pea sita nilizofuma. Naomba pia uzi uliobaki rafuni uondolewe lebo hiyo kabla hajauziwa mwingine. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Wako mwaminifu,

Mfumaji, Tabata