Juisi ya kijani ni chakula, isiuzwe kama dawa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie hizi juisi za kijani, ambazo wengine wanaziita smuthi, na ambazo siku hizi utazikuta karibu kila kona hapa Morogoro mjini: kwenye vibanda vya juisi, nje ya kumbi za mazoezi, mpaka kwa vijana wanaozitembeza kwenye ndoo zenye barafu jua likiwa kali. Nimefundisha sayansi kimu katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na jikoni kwangu juisi hiyo inasagwa karibu kila asubuhi. Kwa hiyo siandiki kuipinga. Naandika kwa sababu nauona uzuri wake, na nauona unavyoharibiwa na maneno ya wanaoiuza.

Angalia mtu wa mjini anakula nini asubuhi. Chai ya rangi yenye sukari ya kutosha, maandazi mawili au chapati, basi, amekwenda kazini. Mchana wali maharage, na mboga za majani zimewekwa pembeni ya sahani kama vijiko viwili hivi. Usiku ugali na mboga kidogo tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na muhogo havimo kwenye hesabu hiyo. Darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi wapime gramu hizo kwenye mizani ya jikoni, mchicha upande huu, matunda upande huu, halafu wakumbuke walichokula jana yake. Walikuwa wakinyamaza. Wengi wetu hatukaribii kiasi hicho, na si kwa sababu mboga ni ghali. Ni kwa sababu asubuhi nzima inapita bila jani hata moja kuingia mdomoni, halafu jioni tunataka mboga ya kusindikizia ugali itufidie siku nzima.

Hapo ndipo juisi ya kijani ina kazi yake. Inaweka majani mahali ambapo hayakuwapo. Mtoto anayesukumia mchicha ukingoni mwa sahani anaunywa bila ugomvi ukisagwa pamoja na embe. Mzee ambaye meno yamemwishia naye hivyo hivyo.

Yangu naitengeneza hivi. Nachukua konzi moja ya majani machanga ya mchicha, si ile mikubwa iliyokomaa na kutoa maua. Naosha kwenye maji mengi, namwaga, narudia mpaka mchanga uishe chini ya beseni. Kisha nautumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, naupua, nauweka kwenye maji safi ya baridi. Wapo watakaosema nimeua vitamini. Ni kweli vitamini C kiasi inapotea, lakini nitairudisha kwa tunda, na maji hayo ya moto yameondoa vijidudu vingi na sehemu ya oksaleti, kemikali inayoweza kuchangia mawe ya figo na ambayo mchicha unayo kwa wingi. Maji ya kuchemshia namwaga. Kwenye blenda natia mchicha huo, nusu parachichi, ndizi mbivu moja, pera moja au kipande cha embe kutegemea msimu, kipande kidogo cha tangawizi, maji ya limau, na glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Nasaga mpaka ilainike. Sitii sukari, sitii asali, na sichuji, isipokuwa kutoa zile mbegu ngumu za pera kabla ya kusaga.

Kila kimoja humo kina sababu yake. Vitamini A ya kwenye majani mwili unaichukua vizuri ukipata na mafuta, ndiyo maana parachichi limo, na ndiyo maana bibi zetu hawakupika mchicha bila tui la nazi au karanga. Madini ya chuma ya kwenye majani hayafyonzwi kwa urahisi kama ya kwenye nyama au dagaa, lakini yakikutana na vitamini C yanafyonzwa vizuri zaidi. Ndiyo kazi ya limau na pera, na pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Chai inafanya kinyume, inazuia chuma hicho. Kwa hiyo anayekunywa juisi yake na papo hapo akashushia kikombe cha chai ya rangi anajinyima. Chai isubiri saa moja au mawili.

Na hiyo glasi si kifungua kinywa peke yake. Pembeni yake pawe na yai, au kiazi kitamu cha kuchemsha, au uji wa ulezi. Majani na matunda hayana protini ya kumtosha mtu anayekwenda kubeba mizigo sokoni au kukaa darasani mpaka mchana. Nasikitika sana nikiona mabinti wanashinda na chupa ya kijani tu eti wanapunguza mwili.

Sasa niseme yanayoniudhi.

La kwanza ni sukari na chujio. Nimesimama kwenye vibanda nikatazama. Kijana anasaga nanasi nyingi, chungwa, tango, majani machache ya kutia rangi, anachuja kwenye kitambaa, makapi yote anayatupa kwenye ndoo, halafu anamimina sukari au asali. Alichokitupa ndicho ulichopaswa kukilipia. Makapi yale ndiyo yanayosaidia choo na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kilichobaki ni maji matamu. Shirika hilo hilo la afya linataka sukari ya kuongezwa, na humo linahesabu asali na sukari iliyomo kwenye juisi, isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na likasema ikipungua mpaka nusu ya hapo ni bora zaidi. Ukiwa na chai yako ya asubuhi na soda ya mchana, juisi hiyo inakuvusha mpaka.

La pili ni kubwa zaidi. Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye kisukari, aliuziwa juisi ya kijani ya lita moja moja na mtu aliyemhakikishia kwamba inasafisha kongosho na kwamba vidonge vya hospitali vinamharibu figo. Akaacha vidonge. Hakutuambia. Tulishtuka siku alipoanza kunywa maji bila kukata kiu na kukojoa usiku kucha, mwanawe akamkimbiza hospitali sukari ikiwa imepanda vibaya. Namshukuru Mungu alipona. Lakini nilipoionja ile juisi iliyobaki kwenye friji yake ilikuwa tamu kama sharubati. Mwenye kisukari anauziwa sukari, anaambiwa ni dawa! Nchi hii ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na anayedai kutibu watu ana mahali pa kwenda kusajiliwa na kuulizwa maswali. Anayeuza juisi auze juisi. Mwili una ini na figo za kuusafisha, na hakuna bilauri inayofanya kazi hiyo kwa niaba yake.

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii. Nilipita kwenye kibanda cha kijana niliyemfundisha, tukasalimiana vizuri, akaniambia kwa furaha kuwa ameongeza kitu kipya. "Mwalimu, sasa hivi natia kisamvu kibichi. Wateja wanakipenda, kinaongeza damu kuliko mchicha." Nilimwomba aizime blenda tuzungumze.

Ndugu wasomaji, kisamvu kibichi hakinywewi. Jani la muhogo lina kemikali ambayo likipondwa inageuka na kutoa sumu ya sianidi. Mama zetu wanakitwanga kwenye kinu, na huko kutwanga ndiko kunakoifungua sumu hiyo. Halafu wanakichemsha muda mrefu sufuria likiwa wazi, na sumu inatoka na mvuke. Ndipo karanga na tui vinafuata. Kazi ni mbili na zinakwenda pamoja. Blenda inafanya ile ya kwanza tu, inaifungua sumu na kuiacha ndani ya glasi, na mteja anaimeza palepale. Kisamvu cha mpira nacho ni vivyo hivyo. Wenzetu wa Tarime na Mtwara wanaujua konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao uliwapata watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo. Sumu ni ile ile. Kikipikwa, kisamvu ni mboga bora kabisa, nami nakipenda kuliko zote. Kibichi, hapana.

Kijana wangu alisikiliza. Alimwaga lile jagi mbele yangu, ingawa lilikuwa na pesa yake. Lakini alikiona kisamvu hicho kwenye video ya simu, na video hiyo wameiona wengine wengi ambao hawana mwalimu anayepita barabarani.

Wapo pia ambao hata mchicha wa kusaga wanapaswa kumuuliza daktari wao kwanza. Mwenye mawe ya figo, kwa sababu ya oksaleti niliyoitaja. Mwenye figo zilizochoka, kwa sababu majani, ndizi na parachichi vina madini mengi ya potasiamu ambayo figo hizo haziwezi kuyatoa vizuri. Anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarin, kwa sababu vitamini K ya majani inaipunguzia nguvu, na akianza ghafla kunywa glasi kubwa kila siku vipimo vyake vinavurugika. Na mtoto chini ya miezi sita asipewe kabisa, yeye ni maziwa ya mama tu.

Asiye na blenda, au ambaye umeme wa luku umemwishia, asijione amekosa kitu. Fungu la matembele au majani ya maboga, likipikwa muda mfupi na karanga za kutwanga na kuliwa na kiazi asubuhi badala ya kungoja jioni, linampa karibu yote ninayoyapata mimi kwenye glasi. Sisi wa hapa tumebarikiwa. Mboga zinashuka kila siku kutoka Mgeta na milima ya Uluguru, na kwenye Soko la Chifu Kingalu alfajiri unazikuta bado zina umande. Hatuna haja ya unga wa kijani wa kwenye kopo kutoka ng'ambo, unaouzwa bei ya mfuko mzima wa mchele.

Ombi langu ni kwa mabwana na mabibi afya wa kata zetu. Wanapokagua mama lishe, wakague na vibanda vya juisi: maji yanatoka wapi, barafu imetengenezwa na maji gani, majani yameoshwaje. Kipindupindu tunakifahamu. Na kila kibanda kiandike kwa chaki ubaoni, kwa Kiswahili kinachosomeka, majani gani yamo leo, sukari imetiwa au haikutiwa, na imechujwa au haikuchujwa. Kijana niliyemtaja ameshaanza. Nawe Mhariri, ukiwa na nafasi kwenye ukurasa wa afya, ile habari ya kisamvu kibichi naomba uichapishe peke yake, kwa herufi kubwa.

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Kihonda, Morogoro