Hofu iliyorudi

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ulidhani umeshapona hofu ya ile ajali, kisha juzi breki za gari zikalia nyuma yako, ukajikuta umeganda kando ya barabara, kiganja kimeng'ang'ania ukuta, moyo unakwenda mbio, kinywa kikavu. Halafu ukajiita mwoga. Neno hilo limeniuma, ndiyo maana nimeshika kalamu usiku huu.

Ndani kabisa ya ubongo, kulia na kushoto, kuna kifungu kidogo cha seli chenye umbo la lozi, kinaitwa amigdala. Siku ya ajali kiliunganisha mlio wa breki na maumivu, na mara moja ikatosha. Mtafiti Joseph LeDoux alionyesha kwa panya kwamba sauti ya kutisha hupita njia mbili: ya mkato huenda moja kwa moja kwenye amigdala, ndefu huzungukia gamba la ubongo, kule tunakopambanua mambo. Kwa hiyo mwili wako ulishtuka kabla hujapata nafasi ya kuona kwamba gari liko mbali. Wahenga waliliona hili zamani: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa hili la kurudi, maana ndilo linalokunyima usingizi. Mtafiti wa Urusi, Pavlov, aliwazoesha mbwa mlio uliofuatwa na chakula, hadi mlio peke yake ukawatoa mate, kisha akaupiga mara nyingi bila chakula mpaka mate yakakoma. Akawapumzisha, akaupiga tena, na mate yakatoka! Hofu nayo ndivyo ilivyo. Miezi yote uliyotembea salama haikufuta somo la ajali. Ilijenga somo jingine kando yake, la kwamba mlio huu hauna neno. Hilo jipya linashikiliwa na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayoituliza amigdala. Lakini limefungamana sana na mahali ulipojifunzia. Wewe ulizoea njia ya kazini. Juzi ulikuwa mtaa mgeni. Somo la ajali, dada yangu, haliulizi uko mtaa gani.

Jumamosi nakuja. Tutapita barabara usizozizoea, polepole, na breki zikilia tutasimama papo hapo, nimekushika mkono, mpaka moyo utulie wenyewe. Kisha tutakwenda nyingine.

Akupendaye,
Salma