Ambulensi zetu zipewe vifaa vya njia ya hewa

Mhariri,

Majeruhi wa bodaboda aliyezirai akilazwa chali, ulimi hurudi nyuma na kuziba koo. Ubongo ukikosa hewa dakika chache tu huanza kufa, na hospitali bado iko mbali. Inaniuma kuona ambulensi yenye king'ora kikali lakini haina hata mashine ya kufyonza damu na matapishi kinywani.

Nchini Uingereza, utafiti wa AIRWAYS-2 wa mwaka 2018 ulihusisha wagonjwa zaidi ya 9,000 ambao moyo ulisimama wakiwa nje ya hospitali. Kifaa rahisi cha kuweka njia ya hewa wazi, kinachokaa juu ya zoloto (sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti), na mrija unaoingizwa ndani ya koo la hewa vilileta matokeo yasiyotofautiana sana. Kaunti zinunue hicho rahisi na kuwafunza wahudumu.

Msomaji,
Machakos