Kualisha shingo si jambo dogo

Mhariri,

Wengi wenye maumivu ya shingo huamini wamepona wakisikia mlio kichwa kinapozungushwa kwa ghafla, yaani shingo inapoalishwa. Mlio ule hautokani na mfupa uliorudi mahali pake. Ni gesi ndani ya ute wa kiungo. Anayealisha shingo, awe kinyozi au tabibu, anapaswa kumweleza mtu kinachoweza kuharibika kabla hajamshika kichwa.

Ateri (mishipa ya damu) mbili zinazolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupanda kupitia matundu ya pingili za shingo, yaani mifupa yake inayohesabiwa kutoka juu, kuanzia ya 6 hadi ya 1, kisha hujipinda juu ya hiyo ya 1 na kuingia kichwani. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hufanyika kati ya pingili ya 1 na ya 2, kwa hiyo msokoto wa nguvu huivuta ateri hapo hapo. Utando wake wa ndani ukichanika, damu hupenya ukutani na kuganda. Donge likichukuliwa hadi ubongoni, ni kiharusi. Hutokea kwa nadra, lakini hata kwa vijana, na pengine siku kadhaa baadaye.

Ugumu ni kwamba ateri iliyochanika yenyewe huuma shingoni na kisogoni. Mtu aweza kwenda kualishwa ilhali mchaniko umeshaanza. Ndiyo maana Shirika la Moyo la Marekani, mwaka 2014, lilisema uhusiano kati ya kualisha shingo na mchaniko huo upo, ingawa haijathibitika kwamba kualisha ndicho chanzo, na kwamba wagonjwa waelezwe.

Kwa sababu hiyo, maumivu mapya na makali ya upande mmoja, ambayo mtu hajawahi kuyapata, yanatosha kuahirisha kualisha. Vilevile aliyepata ajali, mwenye mifupa dhaifu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayeangusha vitu na kuona miguu mizito. Mwenye baridi yabisi asialishwe kabisa, kwani kano zinazoshika pingili mbili za juu huweza kuwa zimelegea. Kwa maumivu ya kawaida, mazoezi ya taratibu yanafaa bila msokoto wowote.

Baada ya kualishwa, kizunguzungu, kuona vitu viwili, ulimi mzito, kushindwa kumeza, ganzi ya uso au kuyumba ni dharura. Asialishwe tena "kurekebisha". Apelekwe hospitali mara moja, na saa dalili zilipoanza iandikwe, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.