Bei ya sarafu kongwe za Marekani isitangazwe bila maelezo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe maoni yangu kuhusu habari za sarafu kongwe za Marekani, ambazo aghalabu hutaja mamilioni ya dola yaliyolipwa mnadani bila kumweleza msomaji kwa nini sarafu hiyo ilifikia bei hiyo, ilhali nyingine inayofanana nayo haiwezi hata kuikaribia. Habari za namna hiyo huwapa watu matumaini ya bure na kuwarahisishia matapeli kazi yao.

Umri peke yake haupandishi bei. Dola ya madini ya fedha iitwayo Morgan, kwa jina la mchongaji wake George T. Morgan, ilitengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Zile za 1921 zilitoka kwa makumi ya mamilioni, na iliyotumika kwa kawaida haipiti sana thamani ya fedha iliyomo. Ile ya 1893 kutoka San Francisco ilitengenezwa 100,000 tu, na hata ikiwa imechakaa huuzwa kwa maelfu ya dola. Kinachoitambulisha, pamoja na mwaka, ni herufi ndogo ya S, alama ya kiwanda cha San Francisco, iliyoko upande wa nyuma, chini ya fundo la shada la majani. Wala idadi iliyotengenezwa haitoshi kuwa kigezo, kwa sababu kwa sheria ya 1918 serikali ya Marekani iliyeyusha zaidi ya dola milioni 270 za fedha, na hakuna aliyeandika ni za miaka ipi.

Kwa kuwa herufi moja hubeba thamani kubwa kiasi hicho, waghushi nao huishughulikia. Senti ya Lincoln, yaani yenye sura ya Rais Abraham Lincoln, ya 1914 yenye herufi D ya kiwanda cha Denver ni adimu, lakini ile ya 1944 ya Denver imejaa tele. Basi mghushi huichukua ya 1944 na kuikwangua tarakimu ya 4 ya kwanza mpaka ibaki 1. Anayeijua kazi hii hutazama mambo mawili kwa kioo cha kukuzia. La kwanza ni nafasi kati ya 9 na 1, ambayo huwa pana kupita kiasi. La pili, ambalo mimi naliamini zaidi, ni herufi V.D.B. za mchongaji Victor David Brenner: ziliondolewa mwaka 1909 na hazikurudishwa, safari hii kwenye bega la Lincoln, hadi 1918. Senti inayosomeka 1914 ikiwa na herufi hizo begani ni ya kughushi, na hakuna hoja ya kuiokoa.

Wasomaji wetu huvutiwa zaidi na dola ya 1804, na wana sababu, kwani sehemu ya historia yake inatugusa. Zile za kwanza, ingawa zimeandikwa mwaka 1804, zilitengenezwa miaka ya 1830 ili ziwe zawadi za kidiplomasia, na seti moja ilipelekwa kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar. Moja inayoaminika kuwa yake iliuzwa mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4. Lakini zinazojulikana duniani ni 16 tu, kila moja na historia ya wamiliki wake, kwa hiyo anayeuziwa dola ya 1804 kwa bei ya kutupa anauziwa bandia.

Jambo linaloniuma zaidi ni usafishaji. Mtu akishasikia bei hizo huchukua sarafu ya urithi akaisugua kwa dawa ya meno au majivu ili ing'ae, na mikwaruzo anayoiacha haiondoki tena. Wataalamu hupima hali ya sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70, na iliyosuguliwa hukataliwa alama ya kawaida, ikauzwa kwa bei ya chini hata kama ni adimu.

Naomba basi, Mhariri, kila gazeti linapoandika bei ya sarafu litaje mwaka wake, herufi ya kiwanda, hali iliyopimwa na mnada ulioiuza, na liwaambie wasomaji waziwazi wasiisafishe sarafu yoyote kabla haijaonwa na mtaalamu.

Wasalaam,
Msomaji na mkusanyaji wa sarafu