Mgumba si mwanamke peke yake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita uliandika "wanawake wagumba" tangu mstari wa mwanzo hadi wa mwisho. Mume hakutajwa ila pale aliposemwa kuwa anafikiria kuongeza mke. Naomba nafasi niseme kidogo.

Mgumba ni neno kongwe la Kibantu. Waganda wana omugumba, Wanyarwanda wana ingumba. Kwetu M- yake ni ile ile ya mgonjwa na mkulima, haichagui mume wala mke. Tasa ndilo tulilozoea kulitia kwa jike, awe mtu au mbuzi, ingawa walimu wa hesabu nao wamelichukua: 2, 3, 5 na 7 ni namba tasa. (Tasa ya kunawia mikono ni neno jengine kabisa.)

Na tuliosoma chuo cha Qur'ani tunalijua la Kiarabu, aqim. Katika Surat Adh-Dhariyat, aya ya 29, mke wa Nabii Ibrahim anajiita hivyo anapobashiriwa mtoto. Aya ya 41 ya sura hiyo hiyo neno linapewa upepo uliowaangamiza kina Adi, kaumu ya kale, upepo usio na kheri ndani yake. Kisha Surat Ash-Shura, aya ya 50, inasema Mwenyezi Mungu humjaalia amtakaye kuwa aqim. Amtakaye, Mhariri. Aya haikusema mke wa fulani.

Sasa kwa nini wanaume tunalikimbia neno mgumba? Naona tumelichanganya na hanithi. Hanithi ni asiyeweza kukutana na mkewe, na kwa mitaa yetu hilo ni tusi zito. Mgumba aweza kuwa na nguvu zake zote, lakini mbegu zikawa chache, au hazina mwendo, au njia yake imeziba. Mwengine aliugua matubwitubwi ukubwani yakashuka kwenye korodani. Hayo hayaonekani kitandani, yanaonekana kwenye darubini.

Juzi nilikuwa kwenye kliniki moja hapa Pemba. Mwanamke kakaa benchi na bahasha ya vipimo mapajani, kishapimwa kila kitu. Muuguzi akamuuliza, "Mumeo yuko wapi, dada?" Yuko nje, juu ya Vespa, chini ya mwembe. Akaitwa, akapewa kikopo. Akakirudisha vile vile, "Mie sina tatizo, mambo yangu yako sawa." Akatoka. Mkewe akabaki anaikunja ile bahasha.

Shirika la Afya Duniani linahesabu ugumba pale miezi 12 au zaidi ya kukutana bila kinga inapopita na mimba haijashika, na mwaka 2023 lilisema huwafika kiasi cha mtu mmoja kati ya sita maishani mwake. Hapo wamo wake na waume. Kwetu miezi mitatu haijesha baada ya harusi, mawifi washaanza kumtazama bibi harusi tumbo, na kaka yao haulizwi kitu.

Basi mkiandika tena, andikeni "mume na mke wanaotafuta mtoto". Daktari wenu naye aeleze kipimo cha mbegu kinavyofanyika, ni siku ngapi mtu ajizuie kabla, na kikopo kinapelekwa wapi. Wengi wetu hatukiendei kwa kutojua tu.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba