Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utamaduni Marsabit

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Elimu, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazee na wazazi mliotoka mbali, wanafunzi wenzetu, hamjambo nyote. Karibuni sana na poleni na vumbi.

Mheshimiwa, mwaka huu klabu yetu ilisema tuache kidogo mapinduzi ya viwanda ya Ulaya tujisome wenyewe. Ndio tukaangukia kazi ya Günther Schlee, mwanaanthropolojia Mjerumani ambae alikuja huku miaka ya 70 akaanza na Warendille, baadae akaendelea kwa wafugaji wengine wa huku, Gabra, Sakuye na Garre, mpaka ng'ambo ya Ethiopia. Kitabu chake cha 1989 kuhusu koo za kaskazini mwa Kenya ndio tumekikalia, si rahisi, majina ya koo ni mengi hadi kichwa kinauma.

Hoja yake kubwa ni hii, wengi tunadhani kabila lilianza halafu koo zikatokea ndani yake, yeye anasema koo nyingi ni za kitambo kuliko makabila yenyewe na ndio maana ukoo mmoja unaukuta kwa watu tofauti. Ukoo wa Odola uko Gabra na uko Rendille, na lugha hawasikilizani kabisa, Gabra wanaongea Kiborana na Kirendille kiko karibu na Kisomali. Lakini njoo kwa mambo ya ngamia sasa! Sadaka ya kuchinja mifugo inayoitwa sorio wote wanayo, miaka wote wanaiita kwa siku za wiki, mwaka wa Jumatatu, mwaka wa Jumanne, zikiisha saba inaanza tena. Anavyoeleza ni kwamba zamani kulikuwa na watu wa ngamia wenye utamaduni mmoja, Waborana walipopanuka kuanzia karne ya 16 wengine wakaingia chini yao wakachukua lugha yao, wengine wakabaki nje ndio Rendille wa leo.

Halafu ikaja mistari ya mipaka. 1907 Waingereza na Menelik, mfalme wa Ethiopia, wakapatana mpaka na hakuna mfugaji aliyeulizwa, ilhali Gabra wana sehemu zao takatifu za safari za ibada wanazoziita jila huko upande wa Ethiopia. Wakoloni wakafunga Northern Frontier nzima, yaani huku kaskazini kote, mtu haingii bila kibali, na 1934 sheria ingine ikawapa maafisa wa utawala nguvu zaidi za kuamua kabila gani likae wapi. Kwa maoni yetu hapo ndio makabila yaligandishwa kama saruji, manake kabla ya hapo mtu alihama, akapokelewa na ndugu wa ukoo wake kwa kabila lingine na maisha yakaendelea.

Hatusemi ukoo unazuia risasi, Schlee mwenyewe hasemi hivyo. Hapa kila mtu anakumbuka shambulio la kijiji cha Turbi, Julai 2005, watoto wa shule ya msingi waliuawa na waliohusika walikuwa majirani. Ila ni vigumu kumchukia mtu kirahisi ukishajua majina ya koo zenu yanafanana, hilo tumeliona hata humu bwenini.

Kilichotupa moyo zaidi ni kwamba vitabu vya baadae ameandika pamoja na Abdullahi Shongolo, mtafiti wa huku huku mpakani, kwa hivyo hii kazi si ya wageni tu. Tena wazee waliotusikia tukisoma walibisha baadhi ya nasaba, wakatoa zao, na hakuna aliyeziandika.

Ndio maana Mheshimiwa tunaomba mambo mawili. Kwanza nakala za vitabu hivi kwa laibrari, tuliyonayo ni fotokopi na kurasa zingine hazisomeki. Pili gari wakati wa likizo na kinasa sauti, twende Maikona, Kalacha na North Horr tuwarekodi wazee wakiwa bado wapo, na wengine waende Korr upande wa Rendille. Mafuta tuko tayari kuchangishana, dereva ndio hatuna.

Ni sisi,
Klabu ya Historia